Wadudu wa Mushaki wahesabiwe

Mtu yeyote anayeingia leo katika ofisi ya kilimo kwenye barabara ya Sake hadi Masisi, Kivu ya Kaskazini, ana haki ya kuuliza swali moja: msimu huu kiwavijeshi amepanda mpaka kimo gani mlimani, na alifika lini? Agronomu anaweza kumjibu kwa tarehe, jina la kilima na hesabu ya miche iliyoliwa. Anaweza pia kumjibu kwamba siku hizi wadudu wamezidi. Jibu hilo la pili hata mpita njia analo, na halihitaji mshahara wa serikali. Tahariri hii inadai la kwanza, na inalidai kwa kila mwenye cheo, muhuri au bajeti inayotaja kilimo au mazingira katika vilima vya Mushaki.

Sababu ya kudai iko kwenye mlima wenyewe. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka Sake, ukingoni mwa ziwa, barabara inapanda kwa makona hadi Mushaki, katikati ya vilima vinavyovuka mita 2,000. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100, kwa hiyo mkulima wa Mushaki anaamka katika baridi ambayo shemeji yake wa Sake haijui, ingawa wanaweza kutembeleana na kurudi kabla ya jua kuzama. Baridi hiyo ndiyo iliyoifanya Masisi kuwa nchi ya ng'ombe wa maziwa na jibini, ya maharage na viazi vya kizungu. Ndiyo pia iliyowezesha nyanda za juu za Kivu kulima pareto kwa miaka mingi, kwa kuwa pareto haitoi maua vizuri bila usiku wa baridi. Ua lile hutengenezwa dawa ya kuua wadudu, na lilisafirishwa ng'ambo. Kumbe milima hii ilikuwa ikiwakinga wakulima wa nchi za mbali, huku yenyewe ikikingwa na baridi yake bila kulipa hata faranga moja.

Mdudu hana joto lake mwenyewe. Akila, akikua, akitaga, anafanya hayo kwa joto analoazimwa na hewa, na kila aina ina mpaka wake wa chini ambao chini yake maisha yanasimama. Kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, ambaye wataalamu humwita Spodoptera frugiperda, alitambuliwa Afrika ya Magharibi Januari 2016. Ilipofika 2017 alikuwa ameshathibitishwa Kongo. Jike mmoja hutaga mayai 1,500 hadi 2,000. Penye nyuzi 28, safari ya kutoka yai hadi nondo huchukua siku 30 hivi. Penye baridi siku hizo huwa 60 na kupita, na karibu na nyuzi 12 hakui kabisa.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Chukua mahali penye wastani wa nyuzi 17. Mdudu asiyekua chini ya nyuzi 12 ana nyuzi 5 tu za kufanyia kazi. Ongeza nyuzi 1. Binadamu hata koti havui. Kwa mdudu, joto la kazi limeongezeka kwa sehemu ya tano, na muda wa kukamilisha kizazi umepungua kwa sehemu ya sita: kizazi kilichohitaji siku 78 sasa kinatosheka na 65. Ndiyo maana ongezeko la wastani wa joto la dunia, linaloonekana dogo likitajwa redioni, ni habari kubwa zaidi mlimani kuliko bondeni. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi limeandika kwamba katika mwongo wa 2011 hadi 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto la nyuzi 1.1 zaidi ya ilivyokuwa kati ya 1850 na 1900. Ukizigawa nyuzi 1.1 kwa kanuni ya mlima, unapata mita 180 na kidogo. Kwa mdudu, ni kana kwamba kila shamba la Mushaki limeteremshwa mita 180 kuelekea Sake, pamoja na nyumba na zizi lake, na mwenye shamba hakuulizwa.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wazungu na misitu yao ya theluji. Kweli, huko ndiko yalikoonekana kwanza kwa ukubwa wa kutisha, na kwa sababu hiyo hasa inafaa tuyaangalie. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada kuna mbawakawa mdogo, mdogo kuliko punje ya mchele, anayetoboa magome ya misonobari. Kwa karne nyingi alizuiwa na majira ya baridi kali: hewa ikishuka karibu na nyuzi 40 chini ya sifuri, mabuu yake hufa ndani ya gome. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 baridi hiyo ilipungua, ukame ukaidhoofisha miti, na misonobari ilikuwa imezeeka kwa pamoja kwa sababu moto wa msituni ulikuwa umezuiwa kwa miongo mingi. Hekta zipatazo milioni 18 za msitu zikaguswa. Wazingatie wanaopenda sababu moja kwa kila balaa: pale hewa ilikuwa na lake, na mikono ya wasimamizi wa msitu ilikuwa na lake.

Kaskazini mwa Finlandi, Norwe na Uswidi yuko nondo wa vuli ambaye viwavi wake hula majani ya miti ya betula. Mayai yake hukaa kwenye matawi majira yote ya baridi, na hufa yakipigwa na baridi ya nyuzi 36 hivi chini ya sifuri. Kwa kuwa hewa baridi hutuama mabondeni, kuna miaka ambapo miti ya bondeni ilibaki kijani wakati ya mlimani imevuliwa majani yote. Mtu anayezijua kontua za nchi yake anaweza kuchora ramani ya mdudu kabla mdudu hajaangua. Katikati ya miaka ya 1960, huko Utsjoki, Finlandi ya mbali kabisa, viwavi hao waliangamiza misitu mipana ya betula. Miti ilijaribu kuchipua kutoka mashinani. Kulungu wanaofugwa na Wasami wakala machipukizi. Sehemu za msitu ule hazijarudi hadi leo. Zimebaki nyika tupu.

Anayeijua Masisi hahitaji kufafanuliwa sehemu hiyo ya kulungu. Vilima vya hapa vilikuwa na msitu wa mlimani na mianzi. Leo sehemu kubwa ni malisho, mashamba na mashina. Ng'ombe wanapita mahali ambapo chipukizi lingekuwa mti. Msitu ulipoondoka, kivuli kiliondoka pamoja na baridi yake ya ardhini, wakaondoka na wengi wa wale waliokuwa wakila wadudu: ndege, siafu, buibui, na nyigu wadogo ajabu wanaotaga ndani ya mayai ya nondo. Kwa hiyo tukisema tabianchi imebadilika tukaishia hapo, tumejipa msamaha nusu. Shoka nalo limefanya kazi yake, pamoja na makala, yaani makaa ya miti, yanayoshuka kila siku kuelekea Goma.

Hapa tunawageukia wapanda miti, maana nao wana wajibu wasioupenda kuusikia. Tangu 2007 mpango wa EcoMakala ulioanzishwa na WWF umehimiza wakulima kuzunguka Hifadhi ya Virunga wapande miti ya kuchoma makala, ili msitu wa hifadhi upumzike. Nia hiyo ni njema na hatuna ugomvi nayo. Lakini mti uliopendelewa zaidi, huko na kote Kivu, ni mkaratusi, na kilima chenye mti wa aina moja ni meza iliyoandaliwa kwa mdudu wa aina moja. Majirani wameshalipia somo hili. Mwaka 2002 nyigu mdogo kutoka Australia, Leptocybe invasa, aligunduliwa Kenya na Uganda; anataga kwenye vikonyo na mishipa ya majani ya mkaratusi mchanga, majani yanajaa vinundu, na mche unadumaa. Kabla yake, kidukari wa misaipresi alitokea Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, akakausha ua na mashamba ya miti ambayo watu walidhani ni akiba ya kusomeshea watoto. Malawi iliagiza nyigu adui wa kidukari huyo na kumwachia huru mwaka 1994. Iliwezekana kwa kuwa kuna watu waliokuwa wameshamtambua mdudu, wakajua alikotoka na nani humla kwao. Mwenye kugawa miche 10,000 bila kurudi kuangalia majani yake hajapanda miti. Amefanya ugawaji tu, akapiga picha.

Tusiwape wasomaji hadithi rahisi, hata hivyo. Si kila mdudu anasubiri joto ili apande. Kunguni wa kahawa anayeitwa antestia, anayehusishwa na ile ladha ya kiazi kibichi inayoharibu jina la kahawa za Rwanda, Burundi na Kivu, hupendelea kahawa ya maeneo ya juu yenye ubaridi. Joto likizidi sana yeye ndiye anayepata shida. Kidogo chini yake, kwenye kahawa ile ile, yuko mbawakawa anayetoboa matunda, ambaye hakui chini ya nyuzi 15 hivi na ambaye kwenye miteremko ya Kilimanjaro ameonekana akipanda juu kuliko zamani. Mmoja anasukumwa, mwingine anaitwa. Mvua nayo haina upande mmoja: mvua kubwa huzamisha viwavi wachanga ndani ya moyo wa muhindi, na kiangazi kifupi katikati ya msimu huwapa nafasi ya kupona. Halafu hapa kwetu kuna jambo ambalo Finlandi hawana. Upepo mara nyingi huusukuma moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira kuelekea magharibi, yaani juu ya Masisi, na mvua inayopita ndani ya moshi huo hushuka na tindikali inayounguza majani. Jani lililounguzwa na volkano na jani lililonyonywa na mdudu huweza kufanana machoni pa mtu mwenye haraka. Mkulima akiuziwa dawa ya wadudu kwa ajili ya jani la volkano, ameibiwa, hata kama muuzaji hakujua.

Ndiyo maana tunasisitiza kupima na kutazama, wala hatusemi kwamba fulani aje na suluhisho. Suluhisho zimekuja nyingi Kivu, zikiwa kwenye magari meupe. Kitu ambacho hakiji kwa gari ni mfuatano wa miaka: kipimajoto kilichosomwa asubuhi ile ile, mtego ule ule, kilima kile kile, na mkono unaoandika hata siku ambayo hakuna cha kuandika. Sifuri ya leo ndiyo itakayoipa maana arobaini ya mwakani.

Nchi hii haikosi mfano wake yenyewe. Yangambi, kando ya Mto Kongo, kuanzia 1937 hadi 1958 watumishi wa kituo cha utafiti walizunguka msituni wakiandika kila juma mti gani una maua, upi una matunda, upi umepukutisha majani, kwa miti ipatayo 2,000. Wengi wa waliotembea msituni hawakuwekwa majina yao kwenye vitabu. Makaratasi yale yalikaa miongo mingi, na karne hii watafiti wameyafungua na kuyatumia kujua msitu wa Kongo unaitikiaje hewa. Hatuupambi utawala wa kikoloni. Dhuluma zake tunazijua. Tunachosema ni kwamba kazi ile ilifanywa na Wakongo kwa miguu yao, kwa penseli na karatasi, na kwamba taasisi iliyorithi kazi hiyo, INERA, ina kituo Mulungu, upande wa kusini wa Ziwa Kivu. Lwiro, jirani na hapo, kuna kituo cha utafiti wa sayansi asilia kilichoanza 1947. Goma na Butembo kuna vyuo vikuu vinavyofundisha kilimo. Kila mwaka vijana huandika kazi za mwisho wa masomo kuhusu maharage, viazi, mahindi. Kazi hizo zikibaki kwenye kabati za maktaba na mkulima wa Mushaki asisikie hata sentensi moja, chuo kimelipwa karo na kimewanyima watu waliosababisha karo ipatikane. Tunawaambia wakuu wa vyuo: mwanafunzi wa kilimo asipewe alama kamili kabla hajaurudishia mlima alichokitoa mlimani, kwa Kiswahili, mbele ya wenye mashamba.

Mfano wa pili uko Tanzania. Kiwavijeshi wa Afrika, ndugu wa huyu vamizi, hutokea kwa makundi mvua zinapoanza baada ya ukavu, na kwa miaka mingi utabiri wake ulitoka kituo kimoja cha Tengeru, karibu na Arusha. Habari ilikuwa sahihi na ilichelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, mpango uligeuzwa: kijiji kilipewa mtego wenye harufu ya nondo jike, kipimamvua, na mwanakijiji aliyefundishwa kusoma vyote viwili. Nondo dume wakijaa mtegoni na mvua ikanyesha, mtabiri wa kijiji anatoa onyo la juma linalofuata, na watu wanakagua mashamba kabla viwavi hawajavimba. Aliyefanya kazi hiyo hakuwa na shahada. Alikuwa na zamu. Ufukara wa bajeti, ambao ndio udhuru unaotajwa kwanza katika kila kikao, haukuzuia jambo hilo Kilosa.

Udhuru wa pili ni vita, na huu hatuupuuzi. Jina la Mushaki limeingia kwenye habari za dunia kwa bunduki: mapigano ya Desemba 2007, kisha Februari 2023 waasi wa M23 walipoiteka. Watu wamekimbia na kurudi, wamerudi na kukimbia tena. Hakuna mwenye akili atakayemwambia agronomu akapande kilima chenye mabomu ili ahesabu nondo. Lakini vita navyo vina sehemu katika hadithi ya mdudu, na mwenye wajibu anatakiwa kuiona. Shamba lililoachwa wakati wa kukimbia huota magugu na masalia ya mahindi, na hapo kiwavijeshi hupata makao kati ya msimu na msimu. Watu waliobanwa kwenye kambi hukata kuni walipo. Wanaporudi hupanda chochote walichopewa, wakati wowote walipofika, kwa hiyo bonde moja linakuwa na mahindi ya kila umri, na mdudu hakosi jani changa mwezi wowote. Yeyote anayeshikilia barabara leo, na yeyote atakayeishikilia kesho, ajue kwamba kipimamvua si silaha na daftari la wadudu halitoi siri ya mtu. Waacheni wanaovibeba wapite. Ushuru wa kizuizini usitozwe juu ya mtego wa nondo.

Wagawa mbegu tunawasemesha peke yao. Shirika linalowapa waliorudi maharage ya kupanda linafanya kazi ya huruma, na huruma haiondoi wajibu wa kukagua gunia. Maharage yana fukusi wa aina mbili wakubwa. Mmoja hupenda nyanda za juu za baridi. Huanza kushambulia maganda yakiwa bado shambani, na mayai yake hutawanyika ovyo kati ya punje. Mwingine ni wa maeneo ya joto. Hushambulia ghalani, na jike hugandisha mayai yake juu ya punje yenyewe, yanaonekana kama vitone vyeupe. Tofauti hiyo mtoto wa miaka kumi anaweza kuitambua kwa jicho. Gunia la maharage kutoka nchi ya chini likifunguliwa Mushaki na punje zake zina vitone vilivyoganda, mgeni amepandishwa mlimani kwa nauli ya msaada. Zamani tungesema baridi itammaliza. Kusema hivyo leo bila kupima ni kubahatisha kwa chakula cha watu.

Na hapo ndipo kila nyumba ya Mushaki inapokuwa kituo cha utafiti, ikitaka. Mama anayechagua maharage kwenye ungo anaona kila siku kitu ambacho maprofesa wangelipia kukiona. Anajua msimu ambao vumbi la fukusi lilianza kuonekana mapema, anajua ghala lipi lina joto. Watoto wanaokimbilia senene wakati wa mvua wanajua ni mwaka gani walikuja wengi na mwaka gani walichelewa. Ujuzi huo upo, umetawanyika, na hufa na mwenyewe. Ofisi ya kilimo iliundwa ili uandikwe.

Kuhusu dawa, maneno machache. Wauzaji wa sokoni wanapima sumu kwa kizibo cha chupa na kuimimina kwenye mfuko usio na jina. Kuzuia hilo ni kazi ya inspekta wa kilimo wa jimbo. Sumu inayopuliziwa kiwavi aliyejificha ndani kabisa ya moyo wa muhindi humkosa kiwavi na huwapata nyigu na siafu waliokuwa wanamla. Wakulima wengi Afrika hutia majivu au udongo kwenye moyo wa muhindi, au husaga mayai kwa vidole wakipita shambani mara mbili kwa juma, na njia hizo hazina faida kwa muuza chupa. Labda ndiyo sababu hazitangazwi.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tumesikia mengi kuhusu majeshi ya jumuiya hiyo na machache kuhusu nondo wake, ambao huvuka mpaka kila usiku bila pasipoti. Shirika la kudhibiti nzige na viwavijeshi la Afrika Mashariki, DLCO, liliundwa mwaka 1962, na Kongo haikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Waziri wa kilimo wa taifa ana wajibu wa kuhakikisha kwamba habari za mitego ya Uganda na Tanzania zinafika Kivu ya Kaskazini kabla ya nondo wenyewe, na kwamba za kwetu zinakwenda kwao. Hawezi kupeleka asichokuwa nacho, na hivyo tunarudi kwenye kilima.

Msimu wa kwanza wa kilimo, msimu A, unafunguliwa Septemba. Kabla ya mbegu ya kwanza kuingia ardhini, inspekta wa jimbo ateue vituo vitatu kwenye barabara moja: Sake chini, Mushaki katikati ya vilima, Masisi mjini upande wa pili. Kila kituo kiwe na kipimajoto kivulini, kipimamvua, mtego wa nondo na daftari lenye kurasa zilizohesabiwa. Kinaweza kuwa shule, parokia au kituo cha afya, mahali ambapo kuna mtu hata siku ya vurugu. Na watunzaji wawe wawili, ili mmoja akikimbia mwingine aendelee, au akifika kambini aandike kwamba siku hizo hazikuandikwa. Mwami na machifu wa lokaliti wamjue mtunzaji kwa jina na wamkinge. Vyuo vitoe mwalimu mmoja wa kusahihisha utambuzi wa wadudu kila mwezi. Mashirika yanayogawa mbegu na miche yalipe gharama hiyo kutoka kwenye mafungu ambayo tayari yameandikwa "mabadiliko ya tabianchi", na yaonyeshe risiti. Redio za Goma zisome hesabu za vituo vitatu kila Jumamosi, kwa Kiswahili, kama zinavyosoma bei ya maharage.

Mwishoni mwa Januari, msimu A utakapokuwa umevunwa, tutaomba kuona madaftari hayo matatu, na tutachapisha jina la kila ofisi iliyoyaleta na kila ofisi ambayo haikuyaleta.